Vidonge Tisa Kwenye Kopo la Namba Saba

Risala ya Kikundi cha Akina Mama wa Jumanne, Bukoba na Muleba, kwa mgeni rasmi, siku ya kufunga Mradi wa Damu Inasema

Mgeni rasmi, Daktari Aroni Kaijage, Mwenyekiti wa Bodi ya Mradi;
Mratibu wa mradi, Bwana Riyadhi;
Sista Farida na wauguzi wenzako;
Shehe na Mchungaji mliotufungulia kwa dua na kwa sala;
Ndugu zetu mliotusindikiza:

Wakubwa zetu, shikamooni. Wengine, hamjambo.

Mimi naitwa Alistidia Kyaruzi, katibu wa kikundi. Kabla sijaendelea, nitangaze kwamba risala hii siyo ile mliyoipitisha. Ya kwanza tuliipeleka ofisini Ijumaa kama tulivyoagizwa, ikarudi Jumatatu ikiwa na mistari myekundu ukurasa wa pili wote, na pembeni pameandikwa "ilainishwe". Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na minne, kuanzia Kemondo hadi Kitendaguro. Kalamu nyekundu naijua, nimeishika mwenyewe. Tukailainisha, mkaipitisha. Lakini jana mchana tulikaa kikundi kizima, tukaamua kusoma hii ambayo haikulainishwa.

1. UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Bukoba. Tumesikia ndege yako ilizunguka juu ya ziwa ikingoja mawingu yatoke, pole sana. Sisi tuko kwenye viti hivi tangu saa mbili asubuhi. Wenzetu wa Muleba wamefika kwa pikipiki na magari ya kuunganisha, na wawili kati yao ugonjwa umeingia kwenye mifupa ya nyonga. Mtu wa namna hiyo akipanda pikipiki, kila tuta analisikia kivyake. Hatusemi haya ili utuonee huruma. Tunataka ujue kwamba watu unaowaona hapa hawakuja kwa ajili ya soda.

Kwa desturi yetu mgeni hapokelewi mikono mitupu. Tumekuletea kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yake, na senene waliokaangwa vizuri. Utapewa. Hasira yetu haijafika mahali pa kumnyima mgeni kahawa.

2. HISTORIA YETU

Sisi tuna saratani ya titi iliyosambaa. Wengine iko kwenye mifupa, wengine kwenye ini, wengine kwenye mapafu. Tulishaelezwa kwamba hii yetu haiondoki, ila inazuiwa, na mtu akizuiwa vizuri anaishi miaka, analea, analima migomba yake, anaoza binti. Tunazuiwa kwa vidonge vya kukata homoni. Kimoja kila siku.

Mwaka juzi mradi wenu ulikuja ukatuchagua wanawake kumi na wanne. Tulitoka Buhembe, Kitendaguro, Kemondo na vijiji vya Muleba, Waislamu na Walutheri, wenye bima na wasio na bima. Kliniki yetu ilikuwa Jumanne, ndiyo maana tukajiita hivyo. Jumanne ya kwanza daktari wenu alituchorea ubaoni. Akasema uvimbe, popote ulipojificha mwilini, hudondosha vipande vidogo vya vinasaba vyake kwenye damu. Mashine ikivinasa, inaweza kusoma kama ugonjwa umebadilika na umeanza kukidharau kidonge unachomeza. Ikisoma hivyo, daktari anabadilisha dawa mapema, kabla mgongo haujaanza kuuma, kabla macho hayajawa manjano. Alitwambia ukweli pia, kwamba damu haisemi yote, na kwamba mara nyingine mashine haioni kitu na ugonjwa upo. Tulielewa. Sisi siyo watoto.

Tukatia saini. Mimi niliwasomea wenzangu fomu yote, kurasa sita, kwa miwani yangu na ya jirani. Ukurasa wa nne unasema: "Majibu yatakayohusu matibabu ya mshiriki yatarudishwa kwake na kwa daktari wake." Ukurasa huo ninao hapa mkononi. Nitakupatia uuone kwa macho yako.

Kisha mkatuvua majina mkatupa namba. Mlisema ni kwa ajili ya siri. Sawa. Kila aliyetolewa damu alibandikiwa stika yenye namba kwenye kichupa chake, na karatasi ya stika ilibakiwa na moja ya ziada. Sista Farida akatwambia, "Hizo za ziada zitupeni tu." Waitu, ndugu zangu, nani atupe? Kitu kimeandikwa kwa ajili yako, kimetoka siku moja na damu yako, unakitupaje kwenye ndoo pamoja na pamba? Hakuna aliyetupa hata mmoja wetu. Mimi yangu niliibandika ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Shamsa aliibandika nyuma ya saa ya ukutani. Magdalena, kutoka Muleba, aliibandika kwenye kopo lake la vidonge. Kumbukeni kopo hilo, nitalirudia.

3. MAFANIKIO

Mafanikio ya mradi tumeyaona kwenye bango pale mlangoni, sina haja ya kuyarudia. Vichupa themanini na vinne vimekusanywa. Hakuna kilichovunjika njiani. Mashine imesoma vyote. Taarifa imesomwa kwenye mikutano mitatu, mmoja nje ya nchi, na picha yetu tukiwa tumejipanga mbele ya kliniki imo kwenye ukurasa wa mbele. Tumependeza.

Kwa upande wetu, tumefanikiwa kutokukosa Jumanne hata moja.

4. CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, huu ndio ule ukurasa wa pili.

Vichupa themanini na vinne vimeondoka kwenye mikono yetu. Jibu lililorudi kwetu ni moja. Moja! Na hilo hamkulileta ninyi.

Ninyi mtauliza, kwa nini hamkuuliza? Kosa hili tunalikiri, na mtu asiye wa huku hawezi kulielewa mpaka aelezwe. Sisi watu wa Kagera tulisomeshwa na ugonjwa ule wa miaka ya themanini na tisini. Tulizika nyumba kwa nyumba. Katika miaka ile tulijifunza jambo moja la hospitali: ukitolewa damu kisha ukaitwa chumbani peke yako, mlango ukafungwa, ujue yamekufika. Usipoitwa, shukuru Mungu, nenda kapalilie migomba. Wengi wetu tulikuwa wasichana wakati huo. Somo lile liko kwenye mifupa kabla ya saratani.

Kwa hiyo mlipotutoa damu na kukaa kimya, tulifurahi. Ndiyo, tulifurahi! Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyeitwa. Sita, hakuna aliyeitwa. Tulipika ndizi na nyama nyumbani kwa mwenzetu Buhembe, tukamshukuru Mungu kwamba vidonge vinafanya kazi kwa watu wote kumi na wanne. Mimi ndiye niliyetoa neno la shukrani.

Kimya chenu tulikisoma kama jibu zuri. Kumbe kilikuwa uzembe.

Tulijuaje? Kwa Shamsa huyu hapa, mwenye kitambaa cha bluu. Oktoba alizidiwa, mwanawe akampeleka Mwanza. Daktari wa huko alipoona kadi ya mradi akauliza, "Mama, majibu yako ya damu yako wapi?" Shamsa akasema hakuna, yangekuwepo angeitwa. Daktari yule akapiga simu ofisini kwenu, akasoma namba kwenye kadi, kumi na moja. Nusu saa, mgeni rasmi. Nusu saa tu, jibu likaingia kwenye simu yake. Lilikuwa tayari tangu Machi. Lilisema ugonjwa wa Shamsa umebadilika, kidonge anachomeza haukisikii tena. Machi! Shamsa alimeza kidonge kile Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti na Septemba, kila asubuhi na chai, akimshukuru Mungu. Mwanza wakambadilishia dawa, wakamwanzishia sindano. Leo amepanda kilima cha Kitendaguro kwa miguu yake. Simama kidogo, Shamsa, wakuone. Haya, kaa.

Tuliporudi ofisini kuuliza majibu ya wengine, Bwana Riyadhi alitujibu kwa upole, na upole wake ulituudhi kuliko matusi. Alisema, "Akina mama, majina yaliondolewa. Kwenye mashine kuna namba tu. Hatuwezi kujua lipi ni la nani."

Bwana Riyadhi, sisi tunajua! Tuna stika mlizotwambia tutupe.

Na kuna jambo lingine. Pale mezani kuna vyeti kumi na vinne vya ushiriki, vimefungwa utepe. Tumevipitia asubuhi wakati mkipanga maua. Vina majina yetu kamili kwa wino wa dhahabu, hata jina la tatu la Mama Kahangwa, ambalo mumewe mwenyewe hulisahau. Na chini ya kila jina, kwa herufi ndogo, kuna namba ya mshiriki. Jina na namba, karatasi moja! Kwa hiyo mnajua. Mlijua siku zote. Mlikuwa na majina ya kutupongezea, mkakosa majina ya kututibia.

Cheti cha Magdalena nacho kipo. Kinamshukuru na kumtakia afya njema. Tulimzika Septemba.

Sasa nirudi kwenye kopo.

Magdalena alikuwa namba saba. Rahima, anayekaa hapa mbele kwenye kiti cha pembeni, ni namba nane. Walijuana kwa sababu ya viti tu. Jumanne ya kwanza walikaa pamoja, na tangu hapo mmoja akichelewa mwingine anamwekea nafasi kwa khanga. Magdalena Mlutheri wa Muleba, mlima kahawa, sauti kama kengele. Rahima Mwislamu wa hapa mjini, mshonaji, maneno machache. Mkiwakuta wanacheka, anayecheka kwa sauti ni mmoja, mwingine anatikisika mabega.

Mei, vidonge viliadimika Muleba. Magdalena alikuja Jumanne kopo likiwa tupu. Rahima alikuwa ndiyo kwanza amepewa vya kwake vya mwezi, thelathini. Akavimimina kwenye khanga, akahesabu kumi na tano, akavitia kwenye kopo la mwenzake. Alifanya hivyo Mei, akafanya Juni, akafanya Julai, akafanya Agosti. Siku moja anameza, siku moja anaacha, na mwenzake vivyo hivyo. Huku kwetu jirani akiishiwa chumvi humwambii asubiri duka lifunguliwe. Tunajua dawa siyo chumvi. Msianze kutufundisha leo, tunajua tulikosea, na Sista Farida angejua angetugombeza. Lakini jiulizeni Rahima alikuwa anajua nini siku ile. Alijua mambo mawili: kwamba mwenzake hajaitwa, kwa hiyo kidonge kinamsaidia, na kwamba yeye mwenyewe hajaitwa, kwa hiyo anacho cha kugawa. Yote mawili alijifunza kutoka kwenye kimya chenu.

Agosti mwishoni Magdalena alianza kuwa manjano macho. Alimwambia Rahima kwa simu, "Bojo, tafadhali, usiache kunitumia, ndivyo vinavyonishikilia." Rahima akatuma. Wiki ya pili ya Septemba tukaenda Muleba kumzika.

Siku ya tatu ya msiba, binti wa Magdalena alimletea Rahima kopo lile. Alisema, "Mama alisema hivi ni vya kwako, virudishwe." Ndani kulikuwa na vidonge tisa.

Baada ya habari ya Shamsa, Rahima alilichukua kopo akaenda nalo peke yake ofisini kwenu. Hakumwambia hata mmoja wetu. Alilala na swali lake, akaamka nalo, akaoga, akavaa baibui lake la Ijumaa, akaenda. Alionyesha stika, namba saba, akaomba asomewe. Akajibiwa, "Namba saba imefungwa. Mshiriki alishafariki." Akaomba basi la kwake, namba nane. Akajibiwa asubiri mradi ufungwe, majibu yatatolewa kwa ujumla. Kwa ujumla! Mgeni rasmi, wewe ni daktari. Kuna mtu anaumwa kwa ujumla?

Nilipokuwa mwalimu, mtoto akifanya mtihani na nisimpe majibu yake, mzazi alikuja na fimbo. Sisi tumefanya mtihani kwa damu, mara sita kila mmoja, na mnataka kututunuku vyeti bila kutwambia nani kafaulu.

5. MAOMBI

Ile risala iliyolainishwa ilikuwa na maombi tisa, likiwemo la fulana za kikundi. Tumeyafuta. Yamebaki haya.

Tunaomba majibu. Yote, kila moja na tarehe lilipokuwa tayari, tuone lilikaa kwenu muda gani. Tunayaomba leo, kabla ya chakula. Kompyuta iliyopo pale mezani, inayotuonyesha ukutani tukitabasamu, ndiyo iliyotoa jibu la Shamsa kwa nusu saa. Sisi tulio hai tuliobaki bila jibu ni kumi. Zidisha mwenyewe; hata ikifika jioni tutakuwepo. Wanaotaka lisomwe faraghani watasomewa faraghani, chumba kipo. Na safari hii tukiitwa mmoja mmoja na mlango ukafungwa, hatutaogopa. Tumeshaona kutokuitwa kulivyo.

Tunaomba daktari akae nasi, atuambie la kufanya kwa kila jibu. Na yule atakayeambiwa kidonge chake kimeshindwa, tunaomba njia ya kupata dawa nyingine iwepo, iandikwe kwa jina la mtu atakayesimamia, siyo kwa jina la ofisi. Kumwambia mtu dawa yako haifanyi kazi kisha ukamwacha barabarani ni ukatili wa aina ya pili, na wa kwanza unatutosha.

Vyeti hatutavipokea. Siyo kwa kiburi. Vitakaa hapo mezani mpaka kila cheti kiwe na jibu lake chini yake, na hapo tutakuja kuvichukua na kupiga makofi.

Ombi la mwisho ni la mtu mmoja, na kikundi kizima tumelibeba.

Wenzangu, simameni sasa. Kila mmoja na stika yake mbele, kama tulivyokubaliana. Mwenye nyonga mbaya ashikwe mkono.

Mgeni rasmi, hizi ndizo namba ambazo hazijulikani ni za nani. Rahima ameshika mbili. Kwenye kadi ya kliniki ni nane, yake. Kwenye kopo ni saba. Anaomba jibu la namba saba, ingawa mwenyewe yuko kaburini na faili lake mmelifunga, kwa sababu anataka kujua kama vile vidonge sitini alivyojinyima vilimsaidia rafiki yake hata siku moja, au alikuwa anampelekea mgonjwa kitu ambacho karatasi yenu ilishasema hakifai. Tumemwambia vyovyote vile yeye alitoa upendo. Anatusikiliza, anaitikia kwa kichwa, na swali linabaki palepale.

Na anaomba jibu la namba nane, kwa sababu wiki hii vidonge vyake vimekwisha, na dirisha la dawa wamesema aje Alhamisi ijayo. Kwenye kopo la Magdalena kuna vidonge tisa. Vingemfikisha. Hajavigusa. Hajui kama avimeze, maana labda kwake bado vinafanya kazi, au avizike. Jibu mnalo. Liko kwenye meza ile, hatua kumi kutoka alipo.

Mungu aliyemwokoa Shamsa kwa nusu saa ya simu akubariki, mgeni rasmi, na mkono wako uwe mwepesi kama ule wa daktari wa Mwanza. Akurudishe nyumbani salama, ukiwa umekula kahawa yetu na umelala usingizi mzuri, kwa sababu ulifanya lililo sawa. Awape pumziko waliotutangulia. Sisi hatutakaa mpaka utujibu.

Ni sisi, Kikundi cha Akina Mama wa Jumanne, Bukoba na Muleba:

Namba 1, 2, 4, 5, 6, 8, 9, 10, 11, 13 na 14.

Na namba 3, 7 na 12, ambao hawakuweza kusubiri.